Mkono Unaojua Kabla Yangu

Kati ya nywele zote zilizopo kichwani, kidole kinautafuta unywele mmoja tu. Kinazipita zile laini, kinaziruka zilizonyooka, kinasita, kinarudi nyuma, mpaka kiukute ule mnene kuliko wenzake, uliosokoteka ovyo kama uzi uliofumuka kwenye pindo. Kidole gumba na cha shahada vinaubana karibu kabisa na ngozi. Navuta kidogo, kuupima. Kisha: tik.

Haiumi. Watu hawaniamini nikisema hivyo, lakini pale ninapong'oa kila siku ngozi imeshakuwa sugu, na kinachokuja baada ya ile tik ni kautulivu kafupi, kama kuvua kiatu kinachobana. Nautazama. Ukitoka na shina lake, kale kavimbe keupe chenye unyevu chini kabisa, basi ni ushindi. Naupitisha juu ya mdomo wa chini niusikie ubaridi wake. Naudondosha. Kidole kimesharudi juu zamani.

Nilianza nikiwa na miaka 12. Sasa nina 36.

Kwa lugha ya madaktari huitwa trikotilomania. Jina hilo lilitungwa mwaka 1889 na daktari wa ngozi Mfaransa, François Henri Hallopeau, kwa kuunganisha maneno matatu ya Kigiriki: nywele, kung'oa, na wazimu. Hilo la tatu sikulipenda hata kidogo, na bado silipendi. Ila nilipolisoma jina zima kwa mara ya kwanza, nikiwa na miaka 27, nililia kwa furaha. Miaka 15 nilikuwa nimeamini kwamba hiki kitu nimekibuni mimi, kwamba hakuna binadamu mwingine tangu dunia iumbwe aliyekaa kitandani saa mbili usiku mpaka saa tano akijinyonyoa kama kuku. Kumbe kilikuwa na jina tangu bibi yangu hajazaliwa. Hata kwenye Biblia yumo Ezra, sura ya tisa, aliyepata habari mbaya akajing'oa nywele na ndevu, akaketi chini ameduwaa. Yeye alifanya mara moja, kwa huzuni. Lakini mkono wake nao ulijua pa kwenda.

Ilianza kipindi cha mtihani, na matokeo yalipotoka utosini palikuwa na duara la upara la kutosha kuingiza kifuniko cha chupa. Mama ndiye aliyeliona, siku moja akinichana.

"Mwanangu, hii nini?"

"Sijui, mama."

Na kweli, kwa namna fulani, sikuwa najua. Nilijua vidole hupanda kichwani. Nilijua asubuhi kuna nywele kwenye mto. Kuviunganisha viwili hivyo mbele ya mama yangu kulihitaji sentensi ambayo mtoto wa miaka 12 hana.

Mama akahukumu kuwa ni mapunye. Nikapakwa dawa ya mapunye, nyeupe, yenye harufu kali, asubuhi na jioni kwa wiki nyingi, na kwa kuwa vidole viliteleza kwenye ile dawa, nywele zikaanza kuota. Mama akafurahi, akaacha kupaka. Mwezi uliofuata duara likarudi, safari hii likiwa na ndugu yake karibu na sikio la kushoto. Ndipo tukaenda kwa daktari wa ngozi.

Yule daktari alijua mara moja. Leo ninajua kwamba alijua. Aliinua taa, akapekua, akasema taratibu kwamba nywele za hapo zina urefu wa kila namna, nyingine zimekatika, nyingine ndiyo kwanza zinachomoza. Mtu ambaye kinga ya mwili wake inashambulia mizizi ya nywele huwa na kipara laini kama yai. Mapunye huwa na magamba. Kiraka changu kilikuwa kama shamba lililopaliliwa na mtu mwenye haraka. Akaniuliza, mama akiwa amekaa palepale kando yangu: "Unazing'oa mwenyewe?"

Nikasema hapana.

Mama akamkasirikia daktari kwa kumsingizia mtoto wake. Tukaondoka. Nilipokuwa mtu mzima niliwahi kumlaumu sana yule daktari kwa kutomwomba mama atoke nje dakika mbili tu. Sasa lawama zimepungua, lakini kama wewe ni mhudumu wa afya na umefika hapa katika kusoma kwako, naomba hilo ulichukue: mtoto hawezi kulijibu swali hilo mbele ya mzazi.

Baada ya hapo ikafuata elimu ndefu ya kujificha, na nilifaulu vizuri kuliko masomo mengine yote. Darasani nilikaa kiti cha nyuma kabisa, mgongo ukutani, asiwepo mtu wa kunitazama kisogoni. Walimu walidhani ni uvivu. Kwenye basi sikukaa, nilisimama, maana aliyeketi huonekana utosi. Nilipaka wanja wa nyusi kwenye ngozi ya kichwa ili upara ufanane na nywele, nikajifunza kwamba jasho huushusha mpaka shingoni kwa mstari mweusi. Sikuogelea. Sikukimbia. Sikukubali mtu anishike kichwa, hata kwa upendo, hata shangazi yangu aliyekuwa na tabia ya kubariki watoto kwa kuwawekea kiganja utosini. Nilikuwa nainama kwa pembeni, kiganja kikaangukia bega. Mficha maradhi, wanasema, kifo humuumbua. Mimi aliyeniumbua ni upepo. Nilikuwa kwenye mahafali, kitambaa kikaruka, na wanafunzi wenzangu watatu wakaona. Hakuna aliyesema kitu. Mmoja wao alikiokota kitambaa, akanifunga yeye mwenyewe, akakaza fundo, akaendelea kuzungumza habari za picha. Sijawahi kumshukuru.

Nikiwa na miaka 22 nilienda saluni. Nilikuwa nimekaa miezi minne na kichwa kizuri, nikajiona shujaa. Msusi akafumua, akachana, akafika utosini, mkono ukasimama. "Dada, hapa pamekuwaje?" Hakusema kwa ubaya, ila alisema kwa sauti ya saluni, ile ya kushindana na mashine za kukaushia. Vichwa vikageuka. Nikasema niliungua na maji ya moto utotoni. Akanipa pole, mteja wa jirani naye akanipa pole, akaanza kusimulia mtoto wa dada yake aliyeungua. Nikakaa saa tatu nikipokea pole za ajali isiyokuwepo. Sikurudi saluni yoyote kwa miaka 13.

Sasa nifike kwenye wasiwasi, maana kila ninayemweleza huruka moja kwa moja hapo. "Ni mawazo hayo. Usiwe na mawazo, utaacha." Kwa muda mrefu na mimi niliamini hivyo, nikawa natafuta jambo kubwa linalonisumbua. Sikulipata. Nilikuwa na maisha ya kawaida, kazi ya kawaida, mwanamume anayenipenda. Mbaya zaidi, siku ngumu kweli, kama siku ya usaili wa kazi au siku tuliyopata ajali ndogo ya gari, mkono haukupanda kichwani kabisa. Kama ni wasiwasi, mbona ulipokuja wenyewe mkono ulitulia?

Jibu nililipata kwenye daftari.

Nilikuwa na miaka 28 nilipompata mtaalamu wa saikolojia anayelijua tatizo hili. Nilitegemea aniulize utoto wangu. Nikamwambia nataka kuacha, anifundishe. Akasema tusianze na kuacha. Kwa wiki tatu nisijizuie chochote, ila kila nikijikuta nang'oa niandike mambo matano: saa ngapi, niko wapi, nimekaaje, dakika chache kabla nilikuwa nafanya nini, na mwili ulikuwa unajisikiaje. Mwili, alisisitiza. Nisiandike nilikuwa nawaza nini.

Daftari la wiki tatu lilinifundisha zaidi ya miaka 16 ya kujilaumu. Kwanza, mkono ulikuwa na sehemu zake tatu, kama mtu mwenye vijiwe vyake: kitandani nikiwa nimelala ubavu na kitabu, mezani, kiwiko cha kushoto kikiwa juu ya meza na kichwa kimeegemea kiganja, na mbele ya kioo cha bafuni, chini ya taa kali. Jikoni sikung'oa hata mara moja. Nikiwa nimesimama nje, kamwe. Kiwiko hicho cha kushoto peke yake kilibeba karibu nusu ya mistari yote ya daftari. (Ninaandika haya nikiwa mezani, na nimekishusha mara nne tayari. Nywele zilizotoka ni mbili.)

Pili, kulikuwa na kung'oa kwa aina mbili, na wataalamu wanazitambua zote. Ipo ile ya kujua: ninaenda kioo cha bafuni kwa makusudi, naitafuta nywele fulani, nina hamu, nina kiu nayo. Na ipo ile ya kutojua: nasoma ukurasa, nageuza, nasoma, ghafla naona kirundo cheusi mezani na sikumbuki hata mmoja. Wengi wetu tunazo zote mbili kwa vipimo tofauti. Mwongozo wa magonjwa ya akili unaotumika sana Marekani ulipotoka upya mwaka 2013, uliliondoa sharti la zamani kwamba lazima mgonjwa asikie mbano kabla ya kung'oa na nafuu baada yake, na ukaiweka hali hii katika familia moja na ule ugonjwa wa mawazo na matendo ya kujirudiarudia. Nilipolisoma hilo nilijisikia kama mtu aliyefutiwa deni. Nilikuwa nimekaa miaka nikidhani sina ugonjwa halisi kwa kuwa nusu ya muda sikusikia mbano wowote.

Jambo la tatu lilichelewa. Mtaalamu wangu ndiye aliyeliona, akanigeuzia daftari, akanyamaza. Nikasoma mstari kwa mstari. Nimetuma barua pepe, nangoja bosi ajibu. Mume wangu amesema atafika saa moja, ni saa moja na nusu. Nimepiga simu, nimeambiwa nisubiri kwenye laini. Faili linapakuliwa. Kesho kuna kikao. Nimepima damu, majibu Ijumaa.

Kusubiri. Karibu kila mstari.

Basi nikarudi nyuma mpaka kwenye ule mtihani wa utotoni. Mtihani wenyewe haukuning'oa hata unywele mmoja. Nilikuwa nasoma, nina kalamu mkononi. Kilichonitoa upara ni zile wiki za kungoja matokeo, hakuna cha kufanya, mikono mitupu. Wasiwasi wangu haukuwa ule wa moyo kwenda mbio na jasho kutiririka. Ulikuwa wa chinichini, kama friji inayonguruma. Hausikii mpaka izimike. Mkono ulikuwa unausikia kabla yangu. Ulikuwa unaniletea habari, nami kwa miaka yote hiyo nilikuwa nampiga mjumbe.

Sisemi kwamba ndivyo ilivyo kwa kila mtu. Nimezungumza na wengine wenye hali hii, na mmoja hung'oa kope akiwa amechoka tu, mwingine hung'oa akiwa na raha, anatazama mpira. Kung'oa huweza kuchangamsha mwili uliolala na kutuliza mwili uliochachamaa. Ni dawa moja ya magonjwa mawili yanayopingana, ndiyo maana kuiacha ni kazi. Tena kuna kipande cha damu: hali hii hutokea zaidi katika baadhi ya familia, na uchunguzi kwa mapacha unaonyesha urithi una nafasi yake. Hata wanyama wanayo. Kasuku anayefungiwa tunduni bila mwenzake wala cha kufanya hujinyonyoa manyoya mpaka ngozi ibaki wazi. Hakuna anayemwambia kasuku aache mawazo. Mwenye akili huangalia lile tundu.

Na kuna wasiwasi wa pili, ambao haukuwa chanzo bali mtoto wa kung'oa. Kila nilichokieleza juu ya upepo, kiti cha nyuma na wanja, huo ni wasiwasi niliouzaa mwenyewe. Nikijipigia hesabu, ulinila zaidi kuliko ule wa kwanza. Nang'oa kwa sababu nangoja. Kisha nina kipara, basi nangoja mtu akione. Kwa kuwa nangoja, nang'oa. Duara kwa duara. Watu wazima wenye hali hii ni takriban mmoja au wawili katika kila mia. Kwenye ukumbi wa watu 200 tungekuwa wawili mpaka wanne, kila mmoja amekaa kiti cha nyuma na mgongo ukutani, tusionane kamwe. Hospitalini wanawake ndio wanaoonekana wengi zaidi. Utotoni tofauti hiyo ni ndogo, na ninashuku wanaume wazima wengi hunyoa tu, mambo yakaisha, hakuna anayeuliza.

Matibabu niliyopewa yana umri mkubwa kuliko mimi. Wanasaikolojia wawili wa Marekani, Nathan Azrin na Gregory Nunn, waliyaeleza mwaka 1973: kwanza ujue mkono unapoanza safari, kisha uupe kazi nyingine isiyowezekana kufanyika pamoja na kung'oa, na mtu wa karibu akusaidie. Kwenye karatasi inaonekana kama ushauri wa mtoto mdogo. Kazi mbadala yangu ilikuwa kukunja ngumi, kubana viwiko ubavuni na kukaa hivyo dakika nzima. Wiki ya kwanza niliidharau. Wiki ya tatu nilianza kuuona mkono ukiwa bado begani, haujafika sikioni, jambo ambalo kwa miaka 16 sikuwahi kuliona. Na niligundua kuwa hamu, usipoilisha, haikui mpaka ukapasuka. Niliipimia saa. Kwangu mara nyingi haikumaliza dakika kumi, ila dakika ya tatu na ya nne ni za moto kweli.

Ngumi hazikutosha, kwa sababu vidole vyangu vina njaa yao. Vinataka kitu chenye mikwaruzo, chenye vifundo. Kwa hiyo nikavipa: uzi mnene wa kudarizi niliofunga vifundo vidogo, brashi ya nywele ngumu ya kukwaruza kiganja, na kijiwe kilichochongoka upande mmoja. Kitandani navaa kofia laini. Kwenye ncha za vidole viwili nabandika plasta siku za majibu na vikao. Kidole chenye plasta ni kipofu, hakiutambui ule unywele mnene. Taa ya bafuni tulibadilisha, tukaweka hafifu. Kibano cha nyusi nilikigawa. Haya ya vifaa watu huyacheka, ila mimi nikiulizwa kipi kilisaidia zaidi kwa miezi ya mwanzo, nitasema plasta bila kusita.

Mume wangu alikuwa na njia yake kabla ya hapo. Akiniona, alisema "Mkono!" kama anayefukuza paka mezani. Nilimchukia kwa sekunde tatu kila mara, kisha nilijichukia mimi, kisha nilihamia bafuni nikafunge mlango. Mtaalamu alituita wote wawili. Tukakubaliana kwamba asiseme neno lolote. Akiuona mkono umepanda, aweke kijiwe juu ya meza mbele yangu, aendelee na shughuli zake. Siku ya kwanza aliweka kijiwe mara tisa. Mara ya tisa tulicheka mpaka machozi. Na baadaye akaongeza jambo ambalo hakuna aliyemfundisha: akiniona na kijiwe mkononi kwa muda mrefu, anauliza, "Unangoja nini?" Hapo ndipo huwa najua kwamba ninangoja kitu.

Dawa nitazipita haraka. Hakuna iliyoidhinishwa mahususi kwa hali hii na mamlaka ya dawa ya Marekani, na zile za sonona ambazo watu hupewa kwanza hazijaonyesha nguvu kubwa juu ya kung'oa kwenyewe, ingawa husaidia wasiwasi au sonona inayoambatana nako. Mwaka 2009 yalitoka matokeo ya jaribio la dawa iitwayo N-asetilisisteini kwa watu wazima 50, wiki 12. Asilimia 56 ya walioimeza walipata nafuu ya kutosha, dhidi ya asilimia 16 ya waliopewa vidonge visivyo na dawa. Jaribio la namna hiyohiyo kwa watoto, mwaka 2013, halikuonyesha tofauti. Mimi niliimeza miezi minne chini ya daktari, nikaona nafuu ndogo, tumbo likalalamika, nikaacha. Mwenzangu mmoja anaiapia.

Jingine ambalo haliruhusu kuchelewa: wapo wanaomeza nywele wanazong'oa. Tumbo haliwezi kusaga nywele. Hujikusanya, huwa donge, na donge likikua huweza kuziba njia mpaka lihitaji upasuaji. Kama mtoto wako ana viraka kichwani, kisha analalamika tumbo, anatapika, hali chakula vizuri na anakonda, mpeleke, na mwambie daktari vyote viwili, nywele na tumbo, kwa pumzi moja.

Nikakaa miezi 11 bila kung'oa. Nilikuwa nahesabu siku kwenye kalenda, kila jioni alama ya kijani. Siku ya 338 baba yangu alilazwa kwenye chumba cha wagonjwa mahututi, nami nikawa mbali, hakuna usafiri mpaka asubuhi, simu mkononi. Kaka yangu alisema atapiga simu daktari akitoka. Nilizima taa ili niseme nimelala.

Nywele hukua takriban sentimita moja kwa mwezi. Sentimita kumi na moja za utosini kwangu zilidumu saa tatu. Sikuvaa kofia, plasta zilikuwa kwenye droo hatua mbili kutoka kitandani, kijiwe kilikuwa mezani. Vyote nilivijua na hakuna nilichokigusa. Saa kumi alfajiri simu ikaita. "Baba amezinduka, ameuliza miwani yake." Nikacheka, nikalia, nikamshukuru Mungu, na wakati wote huo, simu ikiwa sikio la kulia, mkono wa kushoto uliendelea kung'oa. Uliendelea dakika nyingi baada ya kukata simu. Habari njema haikuufikia.

Nilidhani mtaalamu wangu atasikitika. Aliniuliza tu kama zile siku 337 zimefutika. Nikasema ndiyo, nimerudi sifuri. Akaniuliza kama nimesahau jinsi mkono unavyoonekana ukiwa bado begani. Nikasema hapana, hilo silisahau. Akasema basi. Kalenda nikaichana siku hiyohiyo. Alama za kijani zilikuwa zimegeuka jambo jingine la kusubiri: nilikuwa nangoja siku nitakayoshindwa, na nilikuwa naingoja kwa kidole kilekile.

Siku hizi sihesabu. Ipo miezi mizuri, ipo wiki mbovu. Kiraka cha utosini hakijaota chote. Pale katikati, ambapo palinyonyolewa miaka mingi mfululizo, mizizi imechoka, na daktari wa ngozi ameniambia bila kuzungusha kwamba huenda pasiote tena. Pana ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Mama yangu nilimweleza nikiwa na miaka 30. Alinyamaza sana, kisha akasema kumbe yule daktari alikuwa mkweli, na baada ya muda akasema yeye, alipokuwa msichana, alikuwa aking'oa nyusi.

Mwaka jana nilirudi saluni. Nilikaa kwenye gari nje kwa robo saa, uzi wa vifundo kiganjani, nikijua kabisa ninachokingoja: mkono wa msusi usimame, swali litoke kwa ile sauti. Nikaona nitakaa humo mpaka jioni. Nikaingia. Msusi alikuwa msichana mdogo kwangu kwa miaka kama kumi. Akanifunga kitambaa shingoni, akachukua kitana, nami nikasema kabla hajanigusa:

"Mdogo wangu, kabla hujaanza. Utosini kuna sehemu huwa naing'oa nywele mwenyewe. Ni ugonjwa, unafahamika. Pale pa katikati hapaoti, usipavute."

Akagawa nywele kwa ncha ya kitana, akainama kuangalia.

"Hapa?"

"Hapo."

"Na hapa nyuma ya sikio?"

Ya nyuma ya sikio nilikuwa siijui. Nikapeleka kidole, nikapapasa, kweli.

"Na hapo."

"Haya, dada," akasema. "Inamisha kichwa."